Mjadala: Fedha za umma za utafiti ziende kwanza kwa sayansi, na viambishi vya Kibondei vingoje?

Mstaafu wa Maabara, Muheza

Waungwana, wapo wanaolalamika kwamba ufadhili wa Samia unaotolewa kwa vijana waliofaulu vizuri masomo ya sayansi katika kidato cha sita umewasahau wanafunzi wa insia, yaani masomo ya lugha, historia na utamaduni. Mimi nauliza wazi: kwa nchi yenye fedha chache kama yetu, je, si haki fedha za umma za utafiti ziende kwanza kwenye maabara na mashamba, kisha kitakachobaki ndicho wagawiwe wengine?

Sisi wa Tanga hatuhitaji kutafuta mifano mbali. Ugonjwa wa michirizi kahawia wa muhogo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936. Ni pale pale Amani watafiti walipochanganya muhogo wa kawaida na mpira wa Ceara, mti wa jamii ya muhogo, ili kupata mbegu inayostahimili ugonjwa wa batobato, na uzao wa kazi ile ulifika Nigeria ukatumika kuzalisha aina zilizosambaa katika sehemu kubwa ya Afrika tangu miaka ya 1970. Mkonge chotara namba 11648 ulitokana na kazi za Amani na kituo cha mkonge cha Mlingano. Hapa Muheza vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa tangu miaka ya 1980, wakati ambapo wengi walikuwa hawajavisikia. Hizo ni kazi ambazo mtu anaweza kuzishika mkononi. Lakini ukiniambia kijana akae miaka minne akihesabu viambishi vya Kibondei, lugha ambayo Wabondei wenyewe wanaiacha, nitakuuliza: anamtibu nani?

Dada wa Magila

Shikamoo, mzee wangu. Nimeisoma hoja yako mara mbili, na kwa heshima yote ninayokupa kwa umri wako, nakuambia umeniumiza. Unasema tunaiacha lugha yetu kana kwamba tuliamka asubuhi tukaitupa jalalani. Mimi nilipokuwa darasa la pili nilichapwa fimbo mbele ya wenzangu kwa kuomba maji kwa Kibondei, na tangu siku hiyo nilimjibu bibi yangu kwa Kiswahili hata aliponiamkia kwa lugha yake. Alifariki nikiwa bado namjibu hivyo. Wewe uliyeishi Muheza miaka yote hii unajua ni nani waliokupikia, waliokulimia na waliokuongoza msituni, na leo lugha yao umeichagua kuwa mfano wa kitu kisicho na faida.

Kwa kuwa umeuliza viambishi vinamtibu nani, tazama Wazigua wa Somalia. Katika karne ya 19 watu wa mkoa huu, Wazigua wakiwamo, walichukuliwa utumwani hadi kusini mwa Somalia, na waliotoroka wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba. Wazao wao waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 100. Vita vilipowafukuza mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi yao walikuja huku, na ushahidi waliokuja nao wa asili yao ulikuwa lugha na masimulizi ya mababu. Walipewa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Sasa niambie, mzee wangu, maabara gani ingewarudisha nyumbani?

Kijana wa Makorora

Dada, pole kwa fimbo ile, na nasema pole kwa dhati, lakini uchungu wako haujajibu swali. Mzee wa Handeni aliyemsikiliza mgeni wa kutoka Somalia akamwelewa hakuwa na shahada ya isimu. Alikuwa na masikio na alikuwa na lugha. Kwa hiyo mfano wako unathibitisha kwamba lugha ina thamani, jambo ambalo hakuna aliyelikataa, lakini hauthibitishi kwamba tasnifu juu ya lugha ile ina thamani inayoshinda chanjo.

Mimi nimekulia Korogwe. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa pale na Bagamoyo, katika utafiti uliohusisha nchi saba za Afrika na watoto zaidi ya 15,000, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa watoto wale. Nikiona Waingereza walivyotujengea Amani, nasi tukashindwa hata kuiendeleza kwa sababu fedha zinagawanywa kwa kila anayenyoosha mkono, nasikitika.

Mwalimu wa Historia, Pangani

Kijana wangu, Amani haikuanzishwa na Waingereza. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ikiwa taasisi ya baiolojia na kilimo, na Waingereza waliirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Huenda ukaona ninakukamata kwa jambo dogo, lakini anayesema historia haina kazi kisha akakosea nani aliyejenga nyumba anayoisifu ananipa wajibu wa kusimama.

Na wale Wajerumani walioanzisha Amani hawakudharau viambishi hata kidogo. Katika miaka ile ile walimweka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, afundishe Kiswahili Berlin, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mtawala alijua kwamba hawezi kukusanya kodi wala kupeleka watu mashambani bila kuwajua kwa lugha yao na desturi zao. Alilipia elimu ya mimea kwa mkono mmoja na elimu ya watu kwa mkono wa pili, kwa faida yake. Leo sisi wenye nchi tunaambizana kwamba mkono mmoja unatosha. Hapa Pangani, anayetaka kujua vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vya mwaka 1888 na 1889 vilionekanaje machoni mwa wenyeji humwendea Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyevisimulia kwa utenzi. Na utenzi ule hausomeki na msomaji wa leo bila mtu aliyekaa miaka akijifunza hati za Kiarabu na Kiswahili cha Mrima, yaani cha pwani yetu hii. Mtu huyo naye anakula, na anahitaji mshahara.

Mstaafu wa Maabara, Muheza

Marahaba, binti yangu. Sikukusudia kuwatukana Wabondei, na yeyote anayenifahamu Muheza atakushuhudia. Mke wangu marehemu alikuwa Mbondei. Nilisema lugha inaachwa kwa sababu nimeona kwa macho yangu ikiachwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na watoto wangu hawaijui. Ukinihukumu kwa hilo, nihukumu kama baba, usinihukumu kama mtu wa maabara. Nawe Mwalimu, kuhusu Wajerumani, sidhani kama tunapaswa kuchukua mfano kwa watu waliomnyonga Abushiri.

Mwalimu wa Historia, Pangani

Mzee, sikusema tuwafuate. Nilisema walijua walichokuwa wakikilipia. Tafadhali nijibu kwa nilichoandika.

Muuguzi Mstaafu, Bagamoyo

Ndugu zangu wa Tanga, naomba nafasi, maana naona mnagombania nani kamtusi nani, na mimi ninalo jambo ambalo limekaa moyoni mwangu zaidi ya miaka 30.

Nilifanya kazi wodi ya watoto. Mama alikuwa akifika usiku na mtoto amekwisha kukakamaa, macho yamegeuka juu, na homa imemwaka siku tatu. Nilikuwa nikimwuliza kwa hasira, na hasira ile naijutia hadi leo: kwa nini hukuja jana? Naye alikuwa akinijibu kwa utulivu kwamba jana ilikuwa homa tu, na leo ni degedege, na degedege halichomwi sindano, kwa maana sindano humwua mtoto mwenye degedege. Kwake homa ilikuwa ugonjwa wa hospitali, na degedege lilikuwa jambo jingine kabisa, lenye asili nyingine na mganga mwingine. Alikuwa amekwisha kumpeleka kwa mganga wa jadi, akafukizwa, na siku mbili zikapita. Dawa tulikuwa nayo kabatini. Mama hakuwa mzembe, wala hakuwa mjinga. Alifuata ramani ya maradhi aliyopewa na mama yake, na katika ramani ile njia ya kuja kwetu ilikuwa imeandikwa kwamba ni ya mauti.

Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti kuhusu wilaya yetu ya Bagamoyo ulioeleza jambo hilo: degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, na mganga wa jadi ndiye aliyeendewa kwanza. Utafiti wa namna ile haufanywi kwa hadubini. Mtu huketi mkekani na akina mama, akauliza maneno: mnaliitaje hili, na lile mnaliitaje, na linatoka wapi. Kwa macho ya Mzee wetu, hiyo ni kazi ya kuhesabu viambishi. Lakini mimi niliyekuwa nikiwafunga watoto sanda nilielewa kwamba sumu ilikuwa katika nafasi iliyokuwapo kati ya maneno mawili. Tangu hapo nilianza kuwaambia akina mama kliniki kwamba homa ya leo ndiyo mama wa degedege la kesho, na nikawaacha waendelee kuliita degedege kwa jina lake, maana kulikana jina kungewafukuza. Wengi walianza kuja siku ya kwanza ya homa.

Chanjo mnayoisifu, nami naisifu. Katika majaribio yale, watoto wadogo waliopata dozi nne walipunguziwa malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne. Ni jambo kubwa sana. Lakini malaria iliyobaki bado inahitaji mama atambue homa na achukue hatua mapema, na hatua ile inaanzia kwenye neno.

Kijana wa Makorora

Bibi, shikamoo, na ahsante kwa ushuhuda huo. Lakini uliloeleza ni suala la afya, kwa hiyo lihesabiwe upande wa sayansi. Mimi sikulipinga.

Na Mwalimu, kuhusu Amani, nakubali nilikosea nani aliyeianzisha. Hata hivyo, kosa moja la historia halifuti chanjo.

Dada wa Magila

Umeona, kaka? Kazi ya mkekani ikizaa matunda inaitwa sayansi, na isipozaa haraka inaitwa viambishi. Kwa mtindo huo insia haitashinda kamwe, kwa sababu kila ikishinda mnaibadilisha jina. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu Chogo isipokuwa kwa kusema mzee ana masikio.

Mvuvi wa Kigombe

Salaam kwenu nyote. Mimi sina upande kati ya pande zenu mbili, na nitaeleza kwa nini.

Tangu mwaka 2003 silikanti amekuwa akinaswa huku kwetu, katika majarife, yaani nyavu kubwa, yanayotegwa kwenye maji marefu. Wataalamu walitueleza kwamba samaki huyu alidhaniwa ametoweka duniani kwa zaidi ya miaka milioni 60, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Walikuja watu wa nchi nyingi. Walipima, wakapiga picha, wakachukua vipande vya minofu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tukaambiwa majarife yana madhara na maeneo fulani tusitege. Sipingi hifadhi, na mtoto wangu namfundisha asimdhuru samaki yule. Vilevile walikuja watu wa insia, wakatuuliza tunaishije, tunakula nini, na wake zetu wanakaanga samaki gani; nao wakaandika, nao wakaondoka.

Ninachouliza mimi ni hiki: hizo karatasi ziko wapi? Nyumbani kwangu ninayo ripoti moja iliyoachwa kwa wazee wa kijiji, nayo ni ya Kiingereza tangu jalada hadi mwisho. Tunazijua ramani zake kwa kuwa ni bahari yetu, lakini maelezo yaliyo chini ya ramani hakuna anayeyasoma. Mnagombana nani apewe fedha za kwenda kuuliza. Hakuna hata mmoja wenu aliyetaja fedha za kurudi kutoa jibu.

Mwalimu wa Historia, Pangani

Ndugu wa Kigombe umesema kweli, na ni ugonjwa wa zamani. Maandishi ya Mtoro yalichapishwa Ulaya, na sisi tuliyasoma tukiwa watu wazima.

Mstaafu wa Maabara, Muheza

Hapo, ndugu mvuvi, umenigusa mahali ambapo sina utetezi. Niliingia katika nyumba za watu alfajiri kukusanya mbu kwa miaka mingi, wakanifungulia milango huku watoto wamelala, na sikumbuki siku hata moja niliyorudi kuwaambia nilihesabu mbu wangapi na maana yake ni nini. Tuliandika makala, na makala zilisomwa na watu wa mbali. Msimamo wangu juu ya mgawo wa fedha haujabadilika, na Bibi wa Bagamoyo nitamjibu nikiwa nimefikiri vizuri, kwa maana hoja yake ni nzito kuliko nilivyokuwa tayari kuipokea usiku huu. Lakini ripoti yako nitaisoma. Maneno ya kibaiolojia nitayaeleza, ila Kiswahili changu cha kuandika ni kizito, na wavuvi hawatanielewa.

Dada wa Magila

Mzee wangu, wewe eleza, mimi nitaandika. Kazi yangu ni tafsiri na hayo ndiyo niliyosomea. Ndugu wa Kigombe, ripoti ina kurasa ngapi, na wavuvi wenzako wanahitaji kujua nini kwanza?

Mvuvi wa Kigombe

Ina kurasa 40, dada, na picha ni nyingi. Anzeni na sehemu ya kina, tujue silikanti anakaa wapi hasa na jarife linamfikia vipi. Nimeona wameandika mita 100 mahali pengi. Sisi baharini hatuhesabu mita, tunahesabu pima, na mita 100 hazipungui sana pima 55. Tafadhali andika kwa pima.