Kijana anakosa shule siku mojamoja, nimbane au niache?

Mwenye uzi:
Habari zenu wakuu. Nina kijana wa sekondari, miaka 16. Si mtoro wa kuaga asubuhi na kuishia vichochoroni, hapana. Yeye ni wa siku mojamoja: leo tumbo, wiki ijayo kichwa, mara amechelewa kuamka anaona bora asiende kabisa. Nami barua za ruhusa nimemwandikia, nakiri. Juzi nimepewa ripoti ya mwaka: siku 19 hakuonekana darasani. Nilidhani wamekosea jina! Nikimgusia anasema, "Notisi nitanakili, na alama zangu si mbaya." Kweli si mbaya. Au nakuza jambo dogo?

Mwalimu Mstaafu:
Si dogo. Kama mwaka wa masomo una siku 180, hizo ni zaidi ya asilimia 10. Marekani hapo ndipo wanapomhesabu mwanafunzi kuwa na tatizo sugu la mahudhurio, hata kama kila siku alikuwa na ruhusa.
Fungua daftari lake la hesabu. Utakuta ukurasa wa mwandiko wa mbiombio, mfano umenakiliwa mpaka jibu, na zoezi la chini yake halijaguswa. Notisi zinanakilika. Lile swali la mwenzake lililomfanya mwalimu afute ubao aanze upya, halinakiliki.

Mpita Njia:
Msimtishe mzazi. Mimi nilikosa sana na nikafaulu.

Mwalimu Mstaafu:
Hongera. Walioanguka hawajaingia kwenye uzi huu kuandika.

Mama Watatu:
Usianze kwa kumbana. Chukua kalenda, uzungushie kalamu kila siku aliyokosa. Za wangu ziliangukia Alhamisi karibu zote. Kumbe ndiyo siku ya kusimama mbele ya darasa na kuzungumza. Na tumbo lilikuwa linauma kweli, hofu huuma. Ubaya wake, kila akibaki nyumbani anapata nafuu, na safari ijayo mlango wa darasa unakuwa mzito zaidi. Daktari amwone pia, usije ukadhani hofu kumbe ni ugonjwa.

Bundi:
Usingizi msiusahau. Umri huo mwili wenyewe unachelewa kusinzia, na bado unataka kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Ratiba ya shule huwezi kuibadili, lakini simu ilale sebuleni.

Mwenye uzi:
Nimerudi. Nimefanya la kalenda: kati ya siku 19, 12 ni Jumanne. Jumanne wana hesabu vipindi viwili mfululizo. Sikugomba, nimemwekea tu karatasi mezani. Kaitazama weee, halafu akasema, "Huwa ananiita ubaoni." Basi. Kesho tunaenda wote kumwona mwalimu. Kaniomba mimi ndiye nianze kusema.