MREJESHO: Kutoka leseni ya makazi hadi hati, Dar es Salaam

Wakuu, niliuliza humu kama mwenye leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa kwenye kiwanja kisichopimwa) anaweza kupata hati miliki ya kiwanja bila kusubiri mtaa mzima upimwe. Jibu nililolipata halmashauri: kama eneo halijapimwa, huwezi kuruka peke yako. Leseni ni ya muda mfupi, ukomo wake miaka 5, unahuisha; hati inaweza kufika miaka 99, lakini inahitaji mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji vilivyoidhinishwa.

Kwa hiyo tumeingia kwenye urasimishaji, yaani mtaa mzima unapangwa na kupimwa ili watu wamilikishwe. Kilichotuchelewesha ni barabara tu, hela zilipatikana. Kila mtu anataka gari ya zimamoto ifike, ila ukuta wa jirani ndio urudi nyuma kupisha njia, si wake! Mzee mmoja aligoma kabisa hadi kamati ya mtaa ikakubali njia ipinde kidogo.

Bikoni (alama za mipaka ya viwanja) zimeshawekwa. Nimepeleka mkataba wa mauziano, kitambulisho cha NIDA, picha na barua ya serikali ya mtaa, sasa nasubiri ankara ya malipo ya hati. Aliyeuliza kuhusu kodi ya pango la ardhi: ndiyo, ukishamilikishwa unalipa kila mwaka.