Mjadala: Mto Kombeni ukizibwa kwa ajili ya mashamba, tuzibe wapi?

Mleta mada (Kisauni)
Waungwana, hamjambo. Masika Kombeni inashuka kutoka Rabai na maji mekundu, inaingia hori la Tudor hapa Mombasa, na mvua zikikatika mto unabaki mchanga na vidimbwi. Kaskazi ikikaza, mchicha na bamia zinapanda bei soko la Kongowea, na mwenye shamba kando ya mto huo huo hana maji ya kumwagia hata matuta matano. Mimi nasema tuzibe. Ila wengi ninaoongea nao wanapenda sehemu ya chini, tambarare, trekta inafika na bwawa litaonekana kubwa. Hapo ndipo ninapopinga.

Chukueni maji ya mita za ujazo 20,000. Yatandaze tambarare kwa kina cha mita 2, yanafunika hekta 1 nzima. Pata mahali mto umebanwa na vilima, kina mita 5, yanafunika hekta 0.4 tu. Tukisema jua na upepo wa kaskazi vinakunywa milimita 6 kwa siku, basi kwa siku 90 za Januari hadi Machi bwawa la tambarare limepoteza mita za ujazo 5,400, na la bondeni 2,160. Tofauti ni mita za ujazo 3,240. Hekta moja ya mboga ikitumia mita za ujazo 50 kwa siku, hayo ni maji ya miezi miwili na zaidi yamekwenda hewani.

Fundi visima (Mikindani)
Hesabu sawa yakhe, lakini jua si mwizi peke yake. Ulizeni na jiwe. Huku baharini ni matumbawe. Ukirudi Changamwe na Mikindani ni lile jiwe la udongo linalobanduka kwa matabaka, ukipanda unakutana na chokaa ya Kambe, halafu jiwe la mchanga la Mazeras. Matumbawe na chokaa vina matobo. Ukizibia juu yake umejenga chujio. Jiwe la udongo linazuia maji vizuri, lakini lina vituko vyake: udongo wake ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Ukuta usioshindiliwa sawasawa utafanya nyufa kaskazi, na masika maji yatapita humo humo.

Kabla hamjagombania sehemu, chimbeni mashimo ya mita 3 au 4 kwenye mstari wa ukuta. Yajazeni maji wakati wa magharibi, wekeni kijiti chenye alama, mfunike, alfajiri msome yameshuka kiasi gani. Kipimo cha mchana kitawachanganya, maana hamtajua yapi yamenywewa na jua na yapi yamezama.

Mvuvi (Tudor)
Mnaongea kama kwamba mto unaishia shambani. Kamba wadogo wanakulia kwenye mikoko huku chini, na yale maji matamu ya masika yana kazi yake. Hori lenyewe tayari linapokea uchafu wa mji. Mkizuia mafuriko yote, nani atalisafisha?

Mleta mada
Ami, hakuna aliyesema yote. Bwawa la mita za ujazo 20,000 likishajaa, maji mengine yote yanapita. Na lazima yapewe pa kupitia, njia pana pembeni, kwenye ardhi isiyomegeka. Yakipanda juu ya ukuta wa udongo, ukuta umekwenda. Solai kule Nakuru, Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka usiku na watu zaidi ya 40 wakafa. Ndiyo maana sitaki kusikia habari ya kujenga kimya kimya bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Fundi visima
Na tope je? Kombeni nyekundu vile, bila matuta na nyasi huko juu, bwawa litageuka uwanja wa mpira. Hata mpango wa bwawa kubwa la Mwache kule Kwale una mabwawa madogo ya kunasa tope juu ya mto. Halafu mkipanda Rabai, angalieni misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Ile imo kwenye urithi wa dunia tangu 2008, msiipimie kamba.

Mama mboga (Kongowea)
Sawa wanangu, jiwe nimelisikia, tope nimelisikia. Bado hamjasema maji ni ya nani. Mji huu unakunywa kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na bado tunanunua madumu. Bwawa likijaa karibu hivi, bomba la mji halitakuja kubisha hodi?

Mleta mada
Bi mkubwa, mita za ujazo 20,000 hazishibishi mji hata siku moja. Hayo ni ya mboga.

Mama mboga
Mboga za nani? Mwenye mashine ya dizeli atavuta usiku, mwenye ndoo ataamkia tope. Mgao uandikwe kabla trekta haijawashwa: wa juu siku zipi, wa chini siku zipi, mashine saa ngapi, na funguo za vali anashika nani. Nduguye mwenye shamba asishike. Bila karatasi hiyo mimi sitii sahihi, hata mkipata bonde la kina cha mita 10.