ETI "SHEMEJI USIJALI, MFUKO UTAKULIPA"!!!

Wakuu, mnamjua. Yule dalali wa nyumba wa suti ya krimu, anayekaa meza ya mbele kila harusi ya Waswahili hapa California, kaalikwa hajaalikwa. Kala dola 6,500 zangu za kodi na amana. Nimefika na magodoro, mzungu kanifungulia mlango kajifunga taulo. Kumbe nyumba ina wenyewe.

Hilo nilimeza. Jana kwenye sendofu namfuata, ana paja la kuku mkononi, ananijibu: "Shemeji usijali, mfuko utakulipa." MFUKO! Na kuku hakumweka chini! Shemeji yako nani, dada yako namjua?

Nimefuatilia usiku kucha. Mfuko upo kweli, wa jimbo hapa California, unachangiwa na ada za leseni za madalali wa nyumba. Ukitapeliwa, unafidiwa mpaka dola 50,000 kwa dili moja. Ila ushinde kesi kwanza, na tapeli awe na leseni. Yake? Namba kwenye kadi yake ni ya bosi wake wa zamani! Kwa hiyo anajua sitalipwa. Anajua, na anatafuna!

mchuzi_mzito: Dola 6,500 bila kuangalia namba ya leseni? Na simu unayo? Pole, shemeji.

Bwana_Funguo: Mimi dalali mwenye leseni halali. Mfuko ukishuka chini ya dola 200,000, sisi ndio tunaongezewa ada tukihuisha. Mwizi ale, mimi nilipe?

mchuzi_mzito: Unaongezewa ngapi mkuu?

Bwana_Funguo: Wakala 4, bosi wake broka 7.

mchuzi_mzito: Elfu?

Bwana_Funguo: Dola.

mchuzi_mzito: Kwa mwezi?

Bwana_Funguo: Leseni ni ya miaka minne.

mchuzi_mzito: Wakuu, tumchangie huyu ndugu.

Mtoto wa Sinza: Mna mfuko na bado mnalia. Huku Dar dalali anataka kodi ya mwezi mzima, na juu yake hela ya kuonyeshwa chumba. Nimeonyeshwa chumba, mpangaji yumo anakaanga dagaa. Kanikaribisha.

Mama Pilipili: Huyo kuku alikuwa wa kukaanga au wa kuchoma? Sisi wa meza za nyuma tulipata shingo.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. KUKU HAKUMWEKA CHINI!

Mtoto wa Sinza: Dagaa walikuwa watamu lakini.

Mama Pilipili: Mpishi mwenyewe namjua. Alikula advansi yangu ya pilau mwaka jana, simu hapokei. Wapishi nao wana mfuko?