MJADALA: Binti wa kuokolewa, abaki kwenye hadithi za watoto au tumtoe?

Bi Msimulizi, Langoni
Asalaam aleikum jamani. Nina neno, nalileta kwenu mulijadili.

Mimi na wenzangu huwasimulia watoto hadithi jioni wakati wa likizo. Safari hii, tulipokaa kuzichagua, tukaona nyingi ni zile zile. Binti wa sultani, uzuri wake hauna mfano. Zimwi lamchukua. Binti alia mpaka karibu na mwisho, kijana aja na jambia, zimwi lafa, harusi siku saba mchana na usiku. Binti mara nyingi hata jina hana, kazi yake ni kupiga ukemi tu. Mtoto wa kike akiniuliza, “Na yeye alifanya nini?” sina jibu ila “Alingoja.”

Napendekeza hizo tuziweke kando. Na musidhani ni ugonjwa wa kwetu tu. Wagiriki wa kale wana Andromeda, aliyefungwa minyororo mwambani ili aliwe na nyangumi wa ajabu. Kosa lilikuwa la mamake, aliyejisifu kwamba wao ni wazuri kuliko mabinti wa bahari. Shujaa Perseus akapita, akamwona, akapatana na wazazi apewe mke, ndipo akaliua lile dude. Mama kajisifu, binti kafungwa, na mapatano yamefanywa juu ya kichwa chake.

Semeni.

Ami wa Mkunguni
Wa aleikum salaam, mwanangu. Mimi napinga. Hadithi hizo hazikutungwa kuwafunza wasichana kulia, zilitungwa kuwafunza wavulana wasikimbie. Mvulana wa leo akiona mtu yumo taabuni hutoa simu akapiga picha. Ukimwondoa wa kuokolewa, umemwondoa na mwokozi. Atajifunzia wapi?

Mpenda Gemu
Ami, kwa heshima zote, huyo mwokozi tumemwona sana. Kwenye gemu ya Donkey Kong ya mwaka 1981 sokwe amemchukua mwanamke, seremala anapanda ngazi kumfuata. Super Mario Bros ya 1985 ina ngome nane. Unapigana mpaka mwisho wa ngome saba, na kila moja unaambiwa binti mfalme yuko ngome nyingine! Yaani yeye ni zawadi tu ya kukuvuta mbele. Ungeweka gunia la mchele mahali pake, mchezo ungeenda vile vile.

Mwaka 2005 wakatoa gemu ambayo Peach, yule binti mfalme, ndiye anayemwokoa Mario. Tukafurahi. Kumbe nguvu zake ni hisia zake: akikasirika anawaka moto, akihuzunika machozi yanamwagika mito mito. Wamempa kazi, wakamwachia kilio kiwe silaha!

Fundi Jahazi
Wasichana wote wakijiokoa, zimwi atakula nini? Muoneeni huruma na yeye.

Mama wa Mabinti
Fundi, wewe kila mjadala huna zito.

Mimi sikubaliani na Bi, na sababu yangu si ya Ami. Mabinti zangu nimewalea wajisimamie. Lakini kuna taabu ambayo mtu hajitoi peke yake, awe mwanamke au mwanamume. Tukisema kila binti wa hadithi lazima apigane na zimwi ashinde, je, yule mtoto ambaye kwake zimwi lilikuja kweli na hakuweza kitu? Atasikia nini pale mkekani? Atasikia kwamba kosa ni lake, hakuwa hodari. Mimi nataka mtoto wangu ajue kwamba ukipiga ukemi watu huja. Hilo la watu kuja ndilo linalonitia hofu kupotea.

Hadithi ya yule mtoto aliyetiwa ndani ya ngoma munaijua? Alirudi pwani peke yake kufuata kombe lake la baharini, zimwi likamnasa, likawa linampeleka mji kwa mji aimbe ndani ya ngoma lipate chakula. Walipofika mjini kwao akaimba, mamake akaitambua sauti. Waliomtoa ni watu wazima. Lakini kama hangeimba, nani angejua yumo? Sasa huyo mutamtoa pia?

Mwalimu wa Fasihi, Shela
Mama wa Mabinti amenifungulia mlango. Nauliza: katika visa vyetu vya pwani hii, mfungwa mashuhuri kuliko wote ni nani? Ni Fumo Liyongo. Mwanamume, shujaa, mrefu kupita watu, na amefungwa minyororo kisiwani Pate anangoja kuuawa. Aliyemtoa ni nani? Mamake na kijakazi Saada.

Tukitazame kisa taratibu. Saada kila siku anapeleka chakula, askari wa gereza wanakila kizuri. Liyongo anamtungia mashairi ya mafumbo ampelekee mama. Askari wanasikia, hawaambulii kitu. Mama anaelewa. Anapika mikate mizuri, na mmoja wa wishwa ambao ndani yake ametia tupa. Askari wanajichukulia mizuri, wanaucheka wa wishwa, wanamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ipigwe, na kelele ya ngoma inafunika mlio wa tupa kwenye pingu.

Hapana aliyewahi kumwita Liyongo “wa kuokolewa”. Amefungwa, anasaidiwa na wanawake wawili, na bado shujaa ni yeye, kwa sababu shauri lilitoka kichwani mwake. Kwa hiyo, Bi, mimi sioni tatizo katika kufungwa wala kuokolewa. Tazama kama aliyefungwa amepewa akili. Mtoto wa ngomani anayo sauti. Andromeda hakupewa kitu, huyo mtoe.

Bi Msimulizi, Langoni
Mwalimu, umesema vizuri, na kipimo chako nakichukua. Ila umepita haraka mahali pamoja. Saada ndiye aliyebeba yale mashairi kichwani na tupa ndani ya kikapu, akapita mbele ya askari. Liyongo alikuwa tayari ni wa kufa. Saada angegunduliwa, naye angekufa, na kosa si lake. Katika visa vyote nilivyosimuliwa mimi, Liyongo akishatoka, Saada hatajwi tena. Mukifurahia shauri la mfungwa, musimgeuze yeye kuwa kikapu.

Ami wa Mkunguni
Hapo sikubishii. Lakini Saada hakuwa amefungwa, yeye si mada.

Mama wa Mabinti
Hakuwa amefungwa, Ami? Kijakazi?

Mpenda Gemu
Yalaa.

Mwalimu wa Fasihi, Shela
Basi Bi, kwenye likizo hii kisimulieni kwa upande wa Saada: anatoka nyumbani na kikapu, anafika langoni, askari anaufunua mkate. Na mtoto wa ngomani abaki. Ya jambia na harusi ya siku saba, sina wakili wa kuitetea.

Ami wa Mkunguni
Mimi ndiye wakili wake. Niachieni moja tu.

Bi Msimulizi, Langoni
Tutakuachia moja, Ami, na utakuja kuisimulia wewe mwenyewe. Watoto wa kike watakaa mbele, maswali yao ujibu wewe.