Mchezo wa mafumbo uliokunyima usingizi: tupeane uzoefu

Mwana Himbi, Goma
Salamu ndugu zangu. Leo tuache mpira kidogo. Tuongelee ile michezo midogo ya kutisha yenye mafumbo, inayotengenezwa na watu wachache tu, ambayo ukiimaliza hujui kama ulicheza au uliota. Kila mmoja aseme wake: ulicheza upi, ulikuwa wapi, na nani alikuwa karibu. Zombi na bunduki hapana.

Naanza. Wangu ni Rusty Lake. Waholanzi wawili wa Amsterdam walianza kuutoa mwaka 2015, na mfululizo wao wa Cube Escape ni wa bure kwenye simu, ndiyo maana ulinifikia: binamu alinirushia faili, sikutumia hata mega moja. Nikafungua ule wa ziwa. Uko ndani ya kibanda kando ya maji, una ndoana, basi. Unavua. Unachokipata unakipasua kwa kisu, ndani unakuta kitu, na hicho kitu kinafungua kingine. Hakuna anayekukimbiza. Ziwa limetulia tuli.

Sasa mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba, umeme umekatika tangu saa kumi na mbili, simu ina asilimia 19, na kule chini mbele yangu ni Kivu lenyewe, nalo limetulia tuli. Mama, ambaye miaka yote amechukua sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) pale Kituku akauze, akainama juu ya bega langu. "Huyu anavua usiku bila taa? Atapata nini?" Maana sambaza wetu wanavuliwa kwa taa; usiku usio na mwezi ukitazama ziwani unadhani kuna mji mwingine unaelea. Nikavuta ndoana. Kikatoka kitu ambacho si samaki. Mama akasema, "Funga hiyo simu. Ziwa halichezewi." Nikaifunga. Alipolala, nikaifungua.

Wa Nguba, Bukavu
Mama kasema kweli! Ziwa lenye kina cha karibu mita 480, na huko chini imelala methani na gesi ya kaboni, juu watoto wanaogelea. Wale Waholanzi hawajabuni kitu, wamekuja kutusimulia habari zetu.

Mimi nilicheza ule wa Seasons. Chumba kimoja tu, kuna kasuku, kuna saa ukutani, na unakirudia chumba hichohicho kuanzia mwaka 1964 mpaka 1981. Kumbukumbu za mtu zinageuka vipande kama kete, vyeupe na vyeusi. Nimetafuta mahali pa kupiga ukelele sikupaona, na hilo ndilo lililonichosha. Kila ukirudi, kuna kitu kimesogea. Siku ya tatu niliamka nikakuta kalenda yetu ya sebuleni imehamia ukuta mwingine, nikatoka nje na shuka. Kumbe dada alikuwa anatoa buibui.

Mapendo wa Ndosho, Goma
Hofu ya namna hiyo ni mazuku kabisa, ile gesi ya kaboni inayojikusanya mabondeni huku kwetu na kuua. Haionekani, hainuki, unateremka bondeni kufuata mbuzi, basi.

Kijana wa Kenya, Lubumbashi
Mi niko Lubumbashi, komini ya Kenya (msinitafutie Nairobi), naseka tu. Sisi huku hatuna ziwa la kutuogopesha, ila wangu nilikutana nao kwenye chumba cha michezo, pale unapolipa kwa saa. Little Nightmares, wa mwaka 2017, wa Waswidi wa Malmö. Katoto kenye koti la njano, jina lake Six, kamefungiwa kwenye meli kubwa ambamo kila kitu ni kirefu kupita kiasi: viti, milango, mikono. Kuna mlinzi mwenye mikono mirefu kuliko mwili wake, kipofu, anawinda kwa kusikia. Unatakiwa unyamaze.

Unanyamazaje, na huku nyuma yako kuna vijana kumi wanapiga kelele za bao? Nilikufa mara nyingi kwa sababu sikusikia mbao zikilia. Mwenye chumba akanihurumia, akanipa zile za masikioni. Hapo ndipo nilipojuta. Nilianza kumsikia anavyopapasa.

Lakini kilichobaki kichwani si yule kipofu. Ni wageni wa meli, manene, wanakula bila kumeza vizuri, na katoto kanashikwa na njaa mpaka kanainama. Mara ya kwanza kanarushiwa mkate. Mara za mbele siwaambii. Rafiki yangu alikuwa na andazi mkononi, akaliweka juu ya televisheni, na hakulirudia.

Muuguzi wa Majengo, Goma
Fran Bow. 2015, wa Uswidi pia, waliutengeneza mume na mke. Msichana yuko kwenye hospitali ya watoto wenye matatizo ya akili, anamtafuta paka wake. Ana dawa. Akimeza kidonge, chumba kilekile kinageuka: damu ukutani, viumbe ambao hawakuwapo sasa wapo. Mafumbo mengi ni hayo, kuona chumba mara mbili, maana ufunguo unaokosekana upande huu uko upande wa pili. (Kikazi nasema: mgonjwa wangu nisingempa simu yenye mchezo huu.)

Niliucheza miezi michache baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo. Wenzangu wa Goma mnaijua rangi ya anga usiku wa 22 Mei 2021. Shangazi yangu alikuwa Buhene. Tuliporudi, alisimama juu ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa na joto, akatuonyesha kwa kidole: hapa mlango, hapa jiko, hapa kitanda cha mtoto. Sisi tuliona jiwe. Kwa hiyo Fran alipomeza kidonge chake cha kwanza mimi sikushtuka. Niliweka simu chini nikampigia shangazi, tukaongea habari za bei ya maharagwe.

Baba Mapacha, Bukavu
Nyie mna muda.

Yaya wa Kadutu, Bukavu
Muda tunaiba, Baba Mapacha. Mdogo wangu ana miaka kumi, Kiingereza hajui, Kifaransa cha darasani tu. Limbo ilimfaa: Wadenmark waliitoa 2010, rangi nyeusi na kijivu, hakuna neno hata moja. Mtoto anatembea msituni anamtafuta dada yake. Mitego unaijua baada ya kukuua. Yule buibui mkubwa alimchoma mara nyingi sana, na kila akifa anachora mstari kwa makaa ukutani mwa jiko. Nilihesabu 63 kabla mama hajafuta.

Mwana Himbi, Goma
Nimesoma yote. Leo asubuhi mama kaniuliza kama "yule wa bila taa" alipata chochote. Nikamwambia bado. Akasema, "Si umpe taa?" Nimekwama kwenye kile kibanda wiki ya pili sasa. Aliyepita anidokeze faragha, ila mwisho asinisimulie.