Madabodi ya G41 inawaka kwa kusuasua: nibadilishe kapasita au bodi nzima?

steshenari_mza
Habari zenu wakuu. Kompyuta ya mezani, bodi kuu (madabodi) ya chipseti ya G41, soketi ya prosesa LGA775, prosesa Core 2 Duo E8400, RAM ya DDR3 GB 4. Asubuhi ukibonyeza swichi feni zinazunguka lakini kioo kinabaki cheusi. Ukizima na kuwasha mara nne au tano inakubali, ikishapata moto inapiga kazi hadi jioni. Wiki hii imeanza kujizima katikati ya kuchapa. Nimeifungua: pembeni ya prosesa kapasita tano (vile vimkebe vya kuhifadhi umeme) zimevimba kichwani, moja imetoa uchafu wa kahawia kwenye ule mkato wa msalaba. Zimeandikwa 6.3V 1500µF 105°C. Nimeambiwa bodi imekufa, ninunue nyingine. Ndivyo?

lehemu_na_flaksi
Mkuu, bodi haijafa bado, ila usiendelee kuitumia hivyo. Kugoma ikiwa baridi na kukubali ikipata moto ni dalili kubwa ya kapasita zilizochoka. Maji ya ndani yakipungua, ukinzani wa ndani wa kapasita unapanda, na kwenye baridi unapanda zaidi. Umeme wa prosesa, ambao kwa E8400 ni kama volti 1.2 tu, unakuwa na mawimbi na prosesa inashindwa kuanza. Huo uvimbe ni gesi iliyojikusanya ndani, na mkato wa kichwani umewekwa makusudi ili ipasukie hapo.

Kabla ya kununua chochote, pima pawa saplai mashine ikiwa imewaka. Chomeka ncha za mita ya kupimia umeme kwa nyuma ya plagi ya pini 24. Waya wa njano usome volti kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Usiridhike na kipimo cha pawa saplai iliyochomolewa, maana bila mzigo hata mbovu husoma vizuri. Kisha zima, toa RAM zote, unganisha spika ndogo ya kesi, uwashe. Ikipiga mlio wa kulalamikia RAM, basi prosesa na BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi) vina uhai.

steshenari_mza
Nashukuru mkuu. Njano 12.08, mwekundu 5.03, chungwa 3.31. Bila RAM inapiga mlio mrefu unaojirudia.

lehemu_na_flaksi
Vizuri sana, badilisha kapasita. Badilisha zote za kundi hilo, hata ambazo hazijavimba, kwa sababu zimekaa kwenye joto lilelile kwa miaka ileile. Omba za ukinzani mdogo, za 105°C, uF (ujazo) zilezile, volti zilezile au zaidi. Za kawaida za redio hazifai hapa; zitavimba tena mapema. Pima na kipenyo kwa rula: ikiwa ni mm 8, ya mm 10 haitaingia kwa kubanana na jirani yake.

Angalizo: karibu na hizo kuna nyingine za 16V. Hizo ziko kwenye laini ya volti 12. Ukiweka ya 6.3V hapo itapasuka ukiwasha tu.

Piga picha kabla ya kung'oa. Mstari kwenye ganda la kapasita ni hasi, lakini ile rangi ya nusu duara kwenye bodi usiiamini kichwa kichwa: bodi nyingi hupaka upande wa hasi, nyingine hupaka chanya. Tumia pasi ya lehemu ya wati 60, maana mguu wa hasi umeshikamana na shaba pana ndani ya bodi inayonyonya moto wote. Ongeza lehemu mpya na flaksi (dawa ya kusaidia lehemu iyeyuke na kushika vizuri) kwanza, pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita taratibu, kisha mguu wa pili. Ukivuta kwa nguvu utang'oa ukuta wa shaba ndani ya tundu, na hapo ndipo bodi hufa kweli.

Ukimaliza, ukipima kwenye laini ya prosesa na kukuta omu (kipimo cha ukinzani) chache tu, usishtuke. Prosesa yenyewe husoma hivyo.

bodi_kwa_bodi
Nakubaliana. Niongeze la kununua, endapo matundu yameharibika. Bodi ya G41 ya mtumba ina umri uleule, kwa hiyo kagua kapasita zake kabla ya kutoa hela. Hakikisha ni ya DDR3, kwani G41 zipo pia za DDR2, na inakubali FSB 1333 (kasi ya njia ya mawasiliano ya prosesa yako na bodi). Angalia pini za soketi kwa tochi, ukiitazama kwa mshazari. Iliyopinda inaonekana kwa kutong'aa sawa na wenzake. Bodi za kompyuta za ofisi zenye plagi ya umeme ya kipekee ziache, zitakudai na pawa saplai yake.

Wakati wa kufunga, ondoa kila nguzo ya kesi isiyo na tundu la skrubu juu yake, ikigusa mgongo wa bodi inapiga shoti. Paka pesti mpya ya joto. Ndani ya BIOS weka SATA (muunganisho wa diski) kwenye hali ileile ya bodi ya zamani, IDE au AHCI, la sivyo Windows itaishia kwenye skrini ya bluu yenye 0x0000007B hata kama diski ni nzima.